Nguzo huozea shingoni, waya huliwa ngozini: ua wa mifugo unaodumu karibu na bahari

Swali: "Nina shamba la ekari 3 upande wa Likoni, Mombasa, karibu nusu kilomita kutoka baharini, na ninafuga mbuzi 24 na ng'ombe 3 wa maziwa. Mwaka 2021 nilizungusha ua wa nguzo za mvinje na mistari 5 ya seng'enge. Kufikia mwaka wa pili seng'enge ilikuwa imeshika kutu kila mahali, na sasa nguzo zinaanguka moja baada ya nyingine ijapokuwa nilizipaka oili chafu kabla ya kuzisimika. Mbuzi hutoka kila siku na majirani wamechoka nami. Fundi mmoja ananishauri niweke nguzo za zege, mwingine anasema vyuma, na dukani niliambiwa seng'enge ya geji 16 ni nene kuliko ya geji 12 na nusu. Sina pesa za kurudia kosa. Ninunue nini?"

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa hasara, na pole zaidi kwa lawama za majirani, kwa maana mbuzi akila muhogo wa mwenyewe huacha neno ambalo haliondoki hata baada ya fidia kulipwa. Ulichokumbana nacho hakikutokana na uzembe wako. Ulinunua vifaa ambavyo huko bara, mbali na chumvi, vingekufaa kwa muda mrefu kidogo, ukavisimika mahali ambapo hewa yenyewe hula chuma na udongo hula mti. Kabla ya kuchagua vingine, inafaa tuelewane ua hufia wapi, kwa sababu haufi mwili mzima. Nguzo hufia shingoni, pale inapoingia ardhini, na waya hufia ngozini, katika utando mwembamba wa zinki unaoufunika. Pesa yako ikilinda sehemu hizo mbili ua utadumu, na ukinunua unene au uzito tu bila kuziangalia, utarudi dukani tena.

Nianze na nguzo. Majira ya kusi yaliyopita niling'oa nguzo ya mvinje katika shamba moja la Mtongwe, iliyokuwa imekaa ardhini kwa miaka mitatu hivi. Sehemu ya juu ilipogongwa ilitoa mlio wa mti mkavu, mzima kabisa. Kitako chake, kilichokuwa chini sana, kilikuwa kizito na bado kina maganda. Lakini katikati, kiasi cha shubiri moja juu ya ardhi na shubiri moja chini yake, nguzo ilikuwa imekonda kama muhindi uliogugunwa, na nilipousukuma ufunguo wa kufuli katika mti huo uliingia wote, ukabaki pete tu mkononi.

Sababu ni hii. Kuvu wanaoozesha mti huhitaji unyevu, hewa na joto kwa pamoja. Juu ya ardhi kuna hewa ya kutosha lakini mti hukauka kila jua linapotoka, na chini kabisa kuna unyevu mwingi lakini hewa ni kidogo. Pale shingoni vyote vitatu hukutana, na katika pwani yetu joto halipungui mwaka mzima, kwa hiyo kuvu hawapati likizo. Mchwa nao hupandia hapo hapo, wakijenga vichuguu vyao vya udongo juu ya mti au kuingia kupitia nyufa za ndani ambazo huwezi kuziona. Mvinje ni mti mzuri wa boriti na fito ukiwa juu, umefunikwa na paa, lakini ukizikwa ardhini bila dawa hauna kinga ya maana.

Kuhusu oili chafu, najua desturi hiyo ilivyoenea, na wengi wanaoishauri wanakutakia mema. Tatizo ni kwamba oili hubaki juu juu. Haiingii ndani ya mti, hukwanguliwa na mawe wakati wa kushindilia udongo, na mvua za masika mbili tatu huiosha. Ufa wa kwanza unapofunguka mchwa hukuta mti mtupu nyuma ya rangi nyeusi. Isitoshe, oili iliyotoka kwenye injini hubeba mabaki ya metali na kemikali zinazobaki katika udongo ambao wanyama wako hula nyasi zake na visima vyetu hupata maji yake. Kuchoma kitako cha nguzo motoni nako hakusaidii sana, kwa kuwa makaa ni ganda jembamba lenye nyufa, na moto huo huo unapasua mti.

Mti unaostahili kuzikwa ardhini pwani ni ule uliotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo. Hapa Kenya nguzo nyingi za aina hiyo ni za mkaratusi, na dawa iliyozoeleka ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki, ambao ndio unaoupa mti ile rangi ya kijani kibichi. Shaba huzuia kuvu, aseniki huzuia mchwa, na kromu huzifunga dawa hizo mbili katika nyuzi za mti zisioshwe na mvua. Nguzo kwanza hukaushwa, kisha huwekwa ndani ya tangi, hewa hunyonywa kutoka katika mti, na dawa husukumwa iingie mahali hewa ilipotoka. Kukausha ndiko kunakorukwa na mtu mwenye haraka, kwa sababu mti uliojaa maji hauna nafasi ya kupokea dawa. Nguzo ya namna hiyo hutoka kijani nje na nyeupe ndani, na sokoni inafanana kabisa na nguzo nzuri.

Kwa hiyo usinunue kwa macho. Omba nguzo moja ikatwe katikati, hata kama utalipia hiyo moja, uangalie uso wa mkato. Unataka kuona pete ya kijani iliyoingia ndani pande zote bila kukatika, isiyopungua sentimita moja na nusu hadi mbili. Kiini cha mkaratusi hakipokei dawa kwa urahisi, hivyo si ajabu kikiwa na rangi yake ya asili, lakini pete ya nje lazima iwe kamili kwa sababu ndiyo ukuta wa nyumba. Ukiona kijani cha unene wa ukucha tu, ondoka. Kataa pia nguzo yenye ufa mpana unaofika kwenye kiini, maana huo ni mlango wa mchwa. Na ukishazinunua, usiruhusu fundi akate upande utakaoingia ardhini. Ikibidi kufupisha, akate juu, kisha mkato upakwe dawa ya mbao. Vipande vilivyobaki visiingie jikoni kabisa, kwa sababu moshi na majivu ya mti huo yana aseniki, na majivu yasimwagwe bandani wala bustanini.

Kuna watakaokushauri utumie boriti za mikoko kwa kuwa babu zetu walizijengea. Nakusihi usifuate njia hiyo. Ukataji wa mikoko husimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya na unahitaji kibali, na hata kibali kikiwapo, mikoko ndiyo inayoshika fukwe zetu na kulea samaki wadogo. Ua wa mbuzi haustahili gharama hiyo.

Sasa zege. Fundi aliyekushauri hajakosea, lakini ushauri wake una sharti ambalo pengine hakulitaja. Zege haliozi wala haliliwi na mchwa, ila ndani yake kuna nondo, na nondo ni chuma. Zege jipya hukinga chuma kwa sababu lina tabia ya ualkali ambayo huweka utando mwembamba juu ya chuma na kuzuia kutu. Chumvi ikipenya hadi kwenye nondo huuvunja utando huo. Chuma kinapogeuka kutu huvimba, kikahitaji nafasi kubwa mara kadhaa kuliko mwanzo, na kwa kuwa haina pa kwenda, kutu hiyo huupasua mwili wa zege kutoka ndani. Ndiyo maana unaona nguzo za zege karibu na bahari zenye mistari ya nyufa inayofuata nondo kutoka juu hadi chini, na madoa ya kahawia yanayotiririka.

Hili nililijifunza kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mgeni katika kazi hii, nilikubali nguzo za zege kwa mfugaji wa upande wa Mtwapa bila kuuliza mchanga ulitoka wapi. Ulitoka ufukweni. Chumvi haikuhitaji kupenya, ilikuwa imechanganywa ndani tangu siku ya kwanza, na kabla ya miaka mitano nguzo zilianza kubanduka vipande mikononi mwa watoto waliokuwa wakizishika. Yule mzee hakunilaumu hata mara moja, nami sijasahau. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa mtu anayefyatua nguzo ni chanzo cha mchanga wake, na kama hawezi kunijibu sinunui.

Ukiamua zege, mchanga uwe wa mtoni au wa machimbo ya nchi kavu, maji yawe ya kunywa na si ya kisima cha chumvi, na mchanganyiko uwe wa saruji kipimo 1, mchanga 2 na kokoto 3, bila kuzidisha maji ili mchanganyiko uteleze kwa urahisi, kwa kuwa maji ya ziada huacha vinyweleo ambavyo chumvi hupitia baadaye. Nondo zifunikwe kwa zege lenye unene usiopungua sentimita 4 kila upande. Hapo ndipo nguzo nyembamba za sentimita 10 kwa 10 zinaposhindwa pwani, kwani ukiweka nondo 4 ndani yake hakuna nafasi ya kifuniko hicho. Nguzo ya sentimita 15 kwa 15 ina nafasi, lakini ikiwa na urefu wa mita 2.4 inakaribia kilo 130, na hilo lina gharama ya usafiri na ya migongo ya watu. Baada ya kumiminwa, nguzo zifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa na zibaki na unyevu kwa siku 7 angalau, hasa wakati wa kaskazi ambapo jua na upepo hukausha zege kabla halijapata nguvu, na zisifungwe waya wa kuvuta kabla ya siku 28. Kwa uaminifu, sioni sababu ya kutumia zege kwa nguzo zako zote. Naliona linafaa kwenye kona na langoni, ambako uzito ni faida.

Vyuma navyo si jibu la haraka. Chuma cha pembe kilichopakwa rangi tu, nusu kilomita kutoka baharini, kitaanza kuliwa pale rangi inapokwaruzwa na waya na pale kinapoingia ardhini. Kama unataka chuma, kiwe kilichochovywa katika zinki iliyoyeyuka baada ya matundu yote kutobolewa, na fundi asichomelee kitu shambani, kwa maana moto wa kuchomelea huondoa zinki mahali hapo na kutu huanzia kwenye kiungo. Nguzo za plastiki iliyorejelezwa zinazotengenezwa nchini ni chaguo ambalo zamani nililitilia shaka na sasa ninalikubali kwa nguzo za katikati, kwa kuwa haziozi, mchwa hawazili na chumvi haizidhuru. Udhaifu wake ni kwamba hupinda polepole zikivutwa bila kupumzika chini ya jua letu, kwa hiyo hazifai kona, na moto wa kuchoma nyasi huziteketeza.

Tuje kwenye waya, ambako nadhani ndiko ulikopoteza zaidi bila kujua. Kwanza geji: namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba. Waya wa geji 16 una kipenyo cha milimita 1.6, wa geji 14 una milimita 2, na wa geji 12 na nusu una milimita 2.5. Tofauti ya milimita 1.6 na 2.5 inaonekana ndogo, lakini ukipima uso wa mkato, ule wa 2.5 una chuma karibu mara mbili na nusu ya mwingine. Njia rahisi ya kumkagua muuzaji ni kuuliza uzito wa msokoto pamoja na urefu wake. Misokoto miwili ya uzito sawa, mmoja ukiwa na mita nyingi zaidi, basi huo wenye mita nyingi ndio wenye waya mwembamba, wala si zawadi. Tafuta pia alama ya ubora ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya, na umwombe fundi wa chuma mwenye kifaa cha kupimia unene akupimie kipande kabla hujalipa.

Hata hivyo unene wa chuma ni nusu ya habari. Zinki huukinga waya kwa kuliwa badala yake. Mahali zinki na chuma vinapogusana penye unyevu, zinki ndiyo inayotangulia kuisha, na hata mkwaruzo mdogo hukingwa na zinki iliyo jirani. Ikiisha, chuma hubaki uchi. Kwa hiyo swali ni zinki iko kiasi gani na inaisha kwa kasi gani. Waya wa kawaida wa bei nafuu huweza kuwa na gramu 60 tu za zinki kwa kila mita ya mraba, ambazo ni utando wa maikroni 8 hivi (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali waya wenye utando mzito huwa na gramu 240 au karibu na hapo, yaani maikroni zaidi ya 33. Viwango vya kimataifa vya kupima ukali wa hewa vinakadiria kwamba mahali pa hewa ya wastani zinki hupotea kati ya maikroni 0.7 na 2.1 kwa mwaka, lakini penye chumvi nyingi ya bahari hupotea kati ya maikroni 4.2 na 8.4. Gawanya mwenyewe: utando wa maikroni 8 karibu na bahari unakwisha ndani ya mwaka mmoja au miwili, na hivyo ndivyo ilivyokutokea. Utando wa maikroni 33 mahali hapo hapo ungekupa miaka minne hadi minane kabla ya chuma kuguswa, na huko Mariakani au Kinango, mbali na bahari, waya huo huo ungekaa miaka mingi zaidi. Sitakudanganya kwamba kuna waya wa zinki utakaokaa miaka 30 Likoni.

Seng'enge ina udhaifu mwingine. Imesokotwa kwa nyaya mbili, na katikati ya msokoto huo maji yenye chumvi hukaa muda mrefu baada ya sehemu nyingine kukauka. Ukiichunguza yako utaona kutu ilianzia ndani ya misokoto na chini ya miba, si kwenye sehemu zilizo wazi ambazo mvua huziosha. Waya laini wa mstari mmoja, usio na miba, hauna mahali pa kuificha chumvi. Kwa hiyo pwani napendelea waya laini wa chuma kigumu wa milimita 2.5, wenye utando mzito, na ukipata ule ambao zinki yake imechanganywa na aluminiamu asilimia 5, ununue hata kama bei imepanda, kwa kuwa huchelewa kuliwa kwa takriban mara mbili. Wavu wa chenilinki uliovikwa plastiki unasaidia pia, mradi plastiki isichubuliwe wakati wa kukaza, kwa sababu chumvi ikiingia kwenye mchubuko husambaa chini ya ngozi hiyo bila wewe kuona.

Na mbuzi? Seng'enge haikuundwa kumzuia mbuzi. Ng'ombe huheshimu mwiba, lakini mbuzi hutanguliza kichwa, hugeuza bega na kupita, na anapolazimisha huacha ngozi au, kwa majike wenye maziwa, kiwele kilichochanika. Kidonda cha waya wenye kutu na kinyesi ni mahali pazuri pa vijidudu vya pepopunda, nao ugonjwa huo huua mbuzi. Mbuzi huzuiwa na wavu wa kimo cha mita 1.2, wenye matundu madogo chini. Kama mbuzi wako wana pembe, epuka wavu wenye matundu ya sentimita 15 kwa 15, kwa sababu kichwa huingia na pembe hukataa kutoka, na utamkuta mnyama amenyongwa asubuhi. Matundu ya sentimita 10 huzuia kichwa kisiingie. Juu ya wavu weka mstari mmoja au miwili ya waya laini ili ng'ombe wasiegemee na kuubonyeza. Ua wa umeme nao huwafunza mbuzi adabu haraka, lakini Likoni hutegemea sana nyaya za ardhini zilizozikwa mahali penye unyevu, kwa kuwa mchanga mkavu hauupitishi umeme vizuri, na majani yakigusa waya nguvu hupotea. Mfugaji asiye na muda wa kufyeka kila wiki asiuanze.

Shamba la ekari 3 lenye umbo la karibu mraba lina mzingo wa mita 440 hivi, kwa hiyo nguzo moja kila mita 3 ni takriban 147. Ningekuwa wewe, ningeweka nguzo za zege au za mkaratusi mnene uliotiwa dawa kwenye kona, langoni na kila baada ya mita 50 hivi, zikazikwa sentimita 90 na kuegemezwa vizuri, na katikati yake nguzo nyembamba zilizotiwa dawa au za plastiki, zikizikwa sentimita 60 hadi 75. Usibane matumizi kwenye kona. Waya mmoja uliokazwa sawasawa huivuta nguzo ya kona kwa nguvu inayokaribia kilo 100, nyaya tatu ni kilo 300, na mvuto huo haulali usiku wala mchana. Kona ikilegea, ua wote hulegea, hata kama kila kitu kingine ni cha bei ghali.

Mahali penye mwamba wa matumbawe, ambapo mtaimbo hurudi mkononi baada ya sentimita 40, usimlazimishe kijana achimbe hadi 90. Shimo la kina kifupi ndani ya mwamba mgumu, likijazwa zege, hushika vizuri. Penye mchanga mtupu ndipo unapohitaji kina kirefu na kushindilia kwa tabaka za sentimita 15. Nguzo ya mti usiizungushie kikombe cha zege kilichofungwa chini, kwa sababu mti hunywea, maji hukaa ndani ya kikombe, na unakuwa umejenga kisima shingoni mwa nguzo. Udongo ulioshindiliwa vizuri, ukiinuliwa kidogo kuzunguka nguzo ili maji yakimbie, unatosha. Misumari ya U iwe ya zinki nzito, na isigongwe hadi ikaukandamiza waya. Acha nafasi waya uteleze, maana nyundo inayouponda waya ndiyo ya kwanza kuuvua zinki yake.

Ikiwa pesa haitoshi kwa mzingo wote, anza na upande unaotazama bahari, na huo upewe waya bora kuliko pande nyingine, kwa sababu kusi hupuliza chumvi moja kwa moja juu yake kwa miezi mingi. Hapo pia mvinje utapata kazi inayoufaa. Panda mstari wa mvinje hai nje ya ua, mita 3 au zaidi kutoka kwenye waya ili mvua iendelee kuuosha, nao utapokea sehemu ya ile chumvi kwa majani yake, kwa kuwa ni mti unaoivumilia. Kinga miche dhidi ya mbuzi wako mwenyewe kwa mwaka wa kwanza au wa pili. Minyaa pia inafaa kwa ua wa kijani, lakini maziwa yake huunguza macho vibaya, kwa hiyo anayeikata ajikinge na watoto wakae mbali.

Unapolinganisha bei, usitazame bei ya nguzo moja. Chukua bei yake, ongeza ya kuisafirisha na kuisimika, kisha gawanya kwa miaka unayotarajia ikae. Nguzo ya mvinje uliyoibadilisha baada ya miaka mitatu ililipiwa fundi mara mbili, na fundi hatofautishi nguzo ya bei nafuu na ya bei ghali anapotoza kazi ya kuchimba.

Mambo machache yanahitaji mtu afike shambani. Kabla ya kuweka ua wa kudumu, mwite mpima ardhi aliyesajiliwa akuonyeshe mawe ya mpaka, hasa pwani ambako migogoro ya ardhi ni mingi na nguzo ya zege iliyowekwa kwa jirani huleta kesi kubwa kuliko ya mbuzi. Ukitilia shaka dawa ya nguzo, wasiliana na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya kilichoko Gede, Kilifi, uwapelekee kipande ulichokata. Afisa wa mifugo wa kaunti anaweza kukusaidia kupanga malisho na malango kabla hujachimba shimo la kwanza. Mbuzi aliyechanwa kiwele au anayeanza kukakamaa miguu na taya aonwe na daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usingoje ua ukamilike. Na ukichagua umeme, ufungwe na fundi mwenye leseni, kwa kifaa kilichotengenezwa mahususi kwa ua, kamwe si kwa waya uliochomolewa kwenye soketi ya nyumba.

Kwa sasa, wakati unakusanya pesa, walaze mbuzi ndani ya boma dogo lenye wavu mzuri, mita 10 kwa 10 tu, ambalo baadaye litabaki kuwa kona ya ua mkubwa. Majirani watapumzika kuanzia wiki hiyo, nawe utakuwa umejaribu nguzo na waya uliochagua katika upepo wako mwenyewe. Pitia waya huo baada ya kusi kuisha, ukitazama hasa mahali unapofungwa kwenye nguzo. Ukikuta unga mweupe, ni zinki ikifanya kazi yake. Ukikuta wekundu ndani ya mwaka wa kwanza, usinunue mita nyingine ya waya huo.